Mkono Uliokinga Koroboi

Zamani hakuna aliyehitaji nembo. Pale Sumbawanga duka la vitambaa lilikuwa moja, la sabuni lilikuwa hilohilo, na sabuni ikikosekana hapo basi imekosekana mkoa mzima. Kitu kikiwa kimoja hakihitaji alama ya kukitofautisha na kingine. Mimi nilikuwa mchoraji wa shirika moja la umma, na kazi yangu kubwa ilikuwa kuandika kwenye ubao mweupe, kwa rangi nyeusi, maneno mawili: LEO HAKUNA. Niliyaandika vizuri. Herufi zangu zilisimama wima na zilikuwa na afya kuliko sisi wenyewe tuliokuwa tukizisoma.

Halafu ikaja ruksa. Kila mwenye meza akawa mfanyabiashara, na kila mfanyabiashara alitaka jina lake lionekane kutoka ng'ambo ya barabara. Shirika letu lilikufa polepole bila mtu kutangaza msiba, tukapunguzwa kazini, nami nikaondoka na brashi zangu. Sikukaa bure. Nilichora vichwa vya watu kwa vinyozi, nikachora baiskeli kwa mafundi baiskeli, nikachora kuku wa kuchoma kwenye kuta za hoteli zilizokuwa zikipika maharage tu. Mke wangu alisema kuku wangu wote wana sura ya mwalimu wake wa darasa la tatu. Nikimuuliza mwalimu huyo alikuwaje, anajibu, "Si huyo hapo ukutani."

Alikufa kwenye mvua za Februari. Alipigwa na radi.

Najua watu wa mikoa mingine wanavyofanya wakisikia Sumbawanga na radi katika sentensi moja. Wanatabasamu. Wanakusogelea na kukuuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli kwamba kwetu radi hutumwa kama barua. Nimeulizwa hivyo na watu wenye digrii. Nawaomba wacheke wamalize, halafu tuendelee.

Alikuwa amekwenda kijijini kwao, upande wa Mwazye, kumsaidia mama yake kupalilia. Uwanda wetu wa Ufipa hauna miti mingi. Ni nyasi na mashamba na anga, na mtu akisimama shambani yeye ndiye mrefu kuliko kila kitu kinachoonekana. Walikuwa wawili kwenye ntumba, yale matuta ya mviringo tunayofukia nyasi ndani yake zioze ziwe mbolea. Mama yake aliinama kung'oa jani. Yeye alikuwa amesimama ananyoosha mgongo. Hiyo ndiyo tofauti pekee iliyokuwepo kati yao wakati ule.

Ukoo wa mke wangu una desturi yake kwa kifo cha namna hiyo. Sijui kama Wafipa wote wanaifuata. Kwetu mimi sikuikuta. Kwao mtu aliyechukuliwa na radi haliliwi wakati mvua bado zinanyesha, kwa sababu wanaamini kilio kinaiita irudi. Wanazika kimya, wanakaa kimya, wanangoja anga ikauke. Mvua zikikata, mume ndiye anayefungua kilio. Akishalia yeye, ndipo mama analia, halafu ndugu wengine. Mvua mpya zikirudi kabla hajakifungua, wote wanangoja tena mpaka zikate mwaka unaofuata. Na aliyezuia kilio cha mtoto wake haendi kumlilia mtu mwingine, anakaa kwake.

Nilifika kijijini juu ya lori la mahindi. Wanawake walikuwa wamekaa wamejaza khanga vinywani. Sijawahi kuona msiba wa namna ile, watu wengi kiasi kile na unasikia mbuzi wakitafuna. Mzee mmoja aliniwekea mkono begani kabla sijashuka vizuri. "Usilie, baba," akasema. "Bado."

Nikatii. Nadhani nilitii kupita kiasi.

Mvua zilipokata nilikwenda, kama ilivyotakiwa. Ilikuwa Juni, baridi ya kwetu inayouma masikio, upepo unapita juu ya nyasi kavu tangu asubuhi. Wakaniwekea kigoda uani. Mama mkwe alikaa kwenye mkeka akiwa amegeukia ukuta wa nyumba, mimi nimegeukia njia, maana mkwe hatazamani na mama mkwe, hata siku kama ile. Ndugu wakakaa. Wote walikuwa wamejiandaa. Waliokuja na watoto walikuwa wamewanyonyesha kabisa ili wasisumbue baadaye.

Wakaningoja, na mimi nikajingoja. Nilimfikiria mke wangu, nikamwona vizuri tu, kama picha iliyopigwa na mpiga picha mzuri. Nikaifikiria ntumba. Nikafikiria kitanda. Nikafungua mdomo nikisema labda sauti itatangulia na machozi yatafuata, kikatoka kikohozi. Kweli nilikohoa, mbele ya ukoo mzima. Mtoto mmoja akacheka, akafinywa.

Mama mkwe alizungumza akiwa bado amegeukia ukuta. "Usijilazimishe, mkwe. Mpeni uji. Baridi hii itamuua bure."

Nikanywa uji wa ulezi. Nililala huko, asubuhi tukakaa tena, hakuna kitu. Nikarudi mjini kwenye lori.

Watu huniuliza huzuni hiyo ilikuwaje, na mimi sina la kuwaeleza kwa sababu haikuwa huzuni. Nilikula, sikusikia chumvi. Nilichanganya rangi kwa kusoma maandishi ya kwenye kopo. Waliponiambia pole nilisema asante. Nilikwenda kwenye misiba ya watu nisiowajua, nikijua watu hulia wakiona wengine wanalia, nikakaa mbele kabisa. Wafiwa walinishukuru kwa kuja. Jambo lililonikera ni kwamba nililala usingizi mzuri.

Mjomba wa mke wangu, mdogo wake mama mkwe, alikuwa akileta maharage sokoni mjini. Kila akija alipitia kwangu na kusimama mlangoni.

"Vipi, mkwe? Tayari?"

"Bado, mjomba."

Alikuwa anauliza kama mtu aliyeacha viatu kwa fundi. Hakuwa na ubaya. Siku moja aliketi, akavua kofia, akasema, "Sasa sikiliza. Wewe njoo upige kelele tu. Nani atakuja kupima machozi?"

"Dada yako."

Akafikiri. "Ee," akasema. "Huyo atajua."

Agosti alinipa habari nyingine. Shoga wa mama mkwe alikuwa amefariki, mwanamke waliyekua naye, wakaolewa kijiji kimoja, nyumba zao zinaonana. Kijiji kizima kilikwenda kulia. Mama mkwe alibaki peke yake uani kwake akisikiliza, kwa kuwa kilio chake mwenyewe hakijafunguliwa. Mjomba alinieleza hayo taratibu, bila kunilaumu, huku akisugua vumbi la maharage kwenye vidole. Nilijua kwamba nilipaswa kuumia. Nilijua tu, kama unavyojua kwamba leo ni Jumanne.

Siku hizohizo akaja mfanyabiashara wa taa.

Alikuwa mtu wa Tanga aliyepitia Mbeya, mnene, mchangamfu, wa kumwita kila mtu ndugu yangu. Alikuwa amefungua duka barabara kuu na ndani kulikuwa na kila kitu kinachowaka: chemli, karabai, tochi, balbu za wale waliokuwa wanapata umeme wa mashine ya dizeli ya mjini, umeme uliokuwa unakuja ukipenda. Aliliita duka hilo kampuni. Alilitamka neno kampuni kama watu wengine wanavyotamka jina la mtoto wao wa kwanza.

"Fundi," akaniambia, "nataka nembo."

"Bango?"

"Bango ni la ukutani. Mimi nataka nembo. Itakaa kwenye bango, kwenye mfuko, kwenye boksi. Mtu wa kule bondeni Muze hajui kusoma, hanijui, lakini akiiona anasema, naam, hii taa ni ya yule bwana."

Hakuna aliyewahi kuniomba kitu cha namna hiyo. Maisha yangu yote ya kazi nilikuwa nimeandika LEO HAKUNA, halafu nikachora kuku. Wakati mwingine wowote ningefurahi mpaka nikaharibu kazi. Nikamuuliza anataka picha gani.

"Radi," akasema.

Akaikata hewani kwa kidole, kulia, kushoto, chini. "Kama ile ya kwenye masanduku ya umeme. Inaonyesha nguvu. Na nyinyi huku si ndio wenyewe?" Akacheka akanipiga begani.

"Njano au nyekundu?" nikamuuliza.

Nilijua. Mtu yeyote wa huku angejua. Hakuna mwanamke wa Ufipa atakayeingiza radi nyumbani kwake kwa hiari, aitundike juu ya watoto waliolala, eti kwa sababu inatoa mwanga. Lakini kulijua jambo hilo na kulisema vilikuwa vimetengana ndani yangu, na katikati hapakuwa na njia. Niliketi nikaichora. Nilitafuta pembe iliyo sawa, nikagundua kwamba radi ikiwa na mikunjo mingi inafanana na ngazi, na ikiwa na michache inafanana na kisu. Nikachagua ya katikati. Nikaipaka njano, nikaizungushia nyekundu, nikaiweka kwenye bango jeusi lenye upana wa mlango. Ilikuwa kazi safi. Ukiitazama kutoka ng'ambo ya barabara ulikuwa unapepesa macho.

Mfanyabiashara alifurahi sana. Alinishika mkono akanizungusha barabara nzima, akiwaonyesha wenye maduka.

Wateja wakaacha kuingia. Si kwa kelele. Watu wa kwetu hawagombani na bango. Walifika karibu, wakatazama juu, wakakumbuka kwamba wana shughuli upande wa pili wa barabara. Mama mmoja aliyekuwa anahitaji sana kioo cha chemli aliingia, akachagua, lakini alipoona picha ileile kwenye mfuko akaomba apewe kioo bila mfuko. Alikibeba kifuani mpaka stendi. Mfanyabiashara alinisimulia hayo akiwa haelewi kabisa. Alifikiri tatizo ni rangi nyekundu.

Mimi nilipata langu. Nilikuwa nimesimama chini ya bango nikirekebisha pembe, mzee mmoja ninayemfahamu tangu utotoni akapita na fimbo yake. Akasimama. Akalitazama bango, akanitazama mimi.

"Wewe ndiye uliyelichora hili? Wewe?"

"Ndiyo, mzee. Shikamoo."

Hakuitikia. Alikwenda zake na fimbo yake, na shikamoo yangu ikabaki hapo barabarani. Hilo nalo nililiona tu.

Aliyemfungua macho mfanyabiashara ni mjomba. Aliingia dukani kununua betri za redio, akakuta mwenye duka anamlalamikia kila mtu kuhusu biashara ya Sumbawanga, akamwambia palepale mbele ya rafu za taa: huyo fundi wako, mkewe ameuawa na radi Februari hii. Mfanyabiashara alifika kwangu jioni hiyohiyo. Aliketi kwenye kiti changu kibovu bila kukikagua, na kwa unene wake ule nilihofia.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuniuliza."

"Nikuulize nini, fundi? Nimuulize kila mchoraji kama mke wake..." Akaishia hapo. Akafuta uso kwa kiganja. "Pole sana, ndugu yangu. Mimi nilikuwa natania."

"Najua."

"Ifute. Leo hii, kesho, ifute. Halafu chora unachotaka wewe mwenyewe. Mimi sitasema neno."

Alidhani ananipa nafasi ya kupumzika. Agizo lile lilinisumbua kuliko radi, maana hakuna nilichokuwa nataka. Nilichora balbu, ikawa kama peasi. Nilichora jua, nikagundua kwamba lina sura ya mwalimu wa darasa la tatu. Nilichora nyota, nikaigeuza karatasi.

Jioni moja umeme ulikatika nikiwa bado nimeshika penseli. Nikawasha koroboi, ile taa ya kopo na utambi wa pamba, nikaibeba kwenda kufunga mlango, na upepo ukaizima. Nikawasha tena, ukaizima tena. Nikasimama gizani nimekasirikia mkono wangu, kwa sababu mkono mwingine nyumbani humo ulikuwa unaijua kazi hiyo.

Jiko letu lilikuwa ng'ambo ya uwanja, na kati ya jiko na nyumba upepo wa Julai ulikuwa haumwonei haya mtu. Mke wangu alivuka na koroboi kila jioni na haikumzimikia. Mkono wa kushoto ulibeba, wa kulia ulikinga, vidole vimejikunja kuufuata moto bila kuugusa. Kidole cha mwisho tu ndicho kilichobaki nje. Kilikuwa kimepinda kuanzia kwenye kiungo cha katikati, kikaangalia upande wake, na mwanga ulipita kwenye ule mwanya ukaanguka kwenye miguu yake.

Kila nilipomuuliza kidole kile kilipatwa na nini, alinipa jibu jipya. Alizaliwa nacho. Aling'atwa na punda wa padri. Mara kina kiburi, hakitaki kukaa na wenzake. Nikimbana aseme kweli, anasema, "Ukijua utaacha kunibembeleza." Kwa hiyo nilikuwa sijui.

Nikageuza karatasi ya kalenda ya zamani nikauchora mkono ule. Nikaukunja kuzunguka mwali, nikaacha mwanya, nikaweka kidole. Sikufuta hata mahali pamoja. Nawaambia ukweli, sikuhisi kitu. Nilitazama kama kidole kimepinda sawasawa, nikaona kimepinda sawasawa, nikalala.

Mfanyabiashara aliishika ile karatasi kwa muda mrefu. "Hii," akasema. "Hii ndiyo. Mtu akiiona anajua hapa kuna taa, na kuna mtu." Akaisogeza dirishani. "Ila hiki kidole, fundi. Kinyooshe kidogo. Watu watasema kampuni yenyewe changa, na kidole kimeshavunjika."

Alikuwa ameshasahau kwamba hatasema neno.

Nilikasirika. Naliandika hili kwa sababu lilikuwa geni kwangu. Tangu Februari sikuwa nimekasirikia mtu mwenye pumzi. "Kidole hakinyooshwi," nikamwambia. "Ukitaka vidole vilivyonyooka tafuta mchoraji mwingine, wako wengi, na kuku watakuchorea." Sauti yangu ilikuwa kubwa, mteja mmoja akatoka nje. Mfanyabiashara alinitazama, akatazama kidole, na nikaona kwamba amekisia.

"Basi kibaki," akasema kwa upole.

Muhuri wa mpira ulichongwa Mbeya. Kwa siku zote ulizokuwa huko nilikuwa na wasiwasi kwamba mchongaji ataona kosa na kulisahihisha, maana mafundi tuna ugonjwa huo. Uliporudi niliupiga kwenye karatasi, nikaupeleka kwenye mwanga. Kidole kilikuwa kidogo kuliko punje ya mchele, na kilikuwa kimepinda. Nikaifuta radi kwenye bango, nikapaka nyeusi juu yake mara nyingi kwa sababu njano ile ilikuwa inachungulia, nikauweka mkono. Muhuri ukaanza kugongwa kwenye mifuko na maboksi. Taa zikaondoka na malori na baiskeli, zikashuka bondeni kwenda Milepa na Muze, zikaenda vijijini kote kwenye minada. Wateja walikuja wakiomba taa ya mkono. Mzee wa fimbo alinunua chemli. Safari hii nilimwamkia akaitikia, nami nikaendelea na kazi.

Mawingu yakaanza kukusanyika upande wa Ziwa Rukwa. Asubuhi yapo, mchana yameondoka, kesho yake yamerudi yakiwa mazito zaidi. Mjomba alipita kwangu akasimama mlangoni bila kuniuliza kama tayari.

"Zikianza wiki hii," akasema, "ni mwaka mwingine mzima."

"Najua, mjomba."

"Na dada si kijana."

"Najua."

Akatazama juu, akaenda kuuza maharage yake.

Ilikuwa baada ya siku chache. Nilikuwa mbele ya lile duka la taa, naandika bei za karabai kwenye ukuta, nikasikia mtu amesimama nyuma yangu na haondoki. Nikageuka. Mama mkwe alikuwa amesimama kando ya mtaro na kikapu mkononi, vumbi la safari limemjaa mpaka kwenye nyusi. Nikatazama chini haraka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe wangu." Naye akatazama pembeni, kwenye baiskeli za watu. "Hamjambo huku?"

"Hatujambo, mama. Karibu. Umekuja peke yako?"

Aliinama kwenye kikapu akaondoa khanga iliyofunika maharage, akatoa boksi la kioo cha chemli. Lilikuwa limenunuliwa mnadani kwao na limeshachakaa pembe kwa kushikwashikwa. Akaligeuza upande wenye muhuri.

"Huu mkono ameuchora nani?"

"Mimi, mama."

"Uliupata wapi?"

"Niliukumbuka."

Akaweka ukucha chini ya kidole cha mwisho, kidole kile kidogo kuliko punje ya mchele. "Na hiki?"

"Kilikuwa hivyo, mama. Niliambiwa nikinyooshe, nikakataa."

"Hiki nilikivunja mimi," akasema. "Kwa mchi. Nilikuwa natwanga, yeye mdogo hivi, akaingiza mkono kwenye kinu kuchukua punje. Sikumwona. Nilikifunga na kitambaa kikaunga vibaya." Akalisogeza boksi kwangu. "Hakukwambia?"

"Hakuniambia. Alisema ni punda."

"Punda," akasema mama mkwe.

Kisha akanitazama. Tangu nimuoe binti yake hatukuwahi kutazamana usoni, wala siku ya mahari, wala siku ya mazishi. Macho yake yalikuwa mekundu ya vumbi na makavu, na nilijua namna yalivyokuwa makavu kwa sababu yangu nayo yalikuwa hivyo.

"Kumbe ulishalia," akasema. "Nami nakaa kule nakungoja."

Nilitaka kumwambia hapana, bado, sijalia, hilo ni bango la biashara tu. Mdomo ulikuwa wazi kabisa. Lakini alikuwa ameshanipa kikapu nimshikie, na boksi ameliweka juu ya maharage, na mikono yote miwili ameiweka kichwani. Akalia. Alilia palepale barabara kuu ya Sumbawanga, chini ya bango, kwa sauti iliyokaa kifuani tangu Februari, akimwita mtoto wake kwa jina la utotoni ambalo hata mimi sikuwahi kulisikia. Watu wakasimama. Mfanyabiashara akatoka dukani, akavua kofia. Wanawake waliokuwa wakipita na mizigo yao wakaitua, na mmoja baada ya mwingine, bila kujua ni nani amekufa, wakaanza kumsaidia.

Mkwe hamshiki mama mkwe, hata akianguka atashikwa na wengine. Na mimi sikulia. Macho yangu yalibaki makavu mpaka mwisho. Nilisimama karibu naye nimeshika kikapu. Kilikuwa kizito na mikono ilianza kufa ganzi, lakini juu ya maharage kulikuwa na kioo, kwa hiyo sikukiweka chini.